Kisima Chini ya Altare

Harufu ya chokaa mbichi ikinipata mahali popote, kwanza hutafuta pa kukaa. Juzi ilinipata kwenye veranda ya kliniki hapa Bungoma, ninakomleta mama yangu kupimwa presha. Mafundi walikuwa wanapaka ukuta wa upande wa maabara, chokaa ikiwatiririka mikononi mpaka viwikoni, nami nikajikuta nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Mama alinitazama.

"Ni ile harufu?" akauliza.

"Ni hiyo."

"Hata mimi," akasema, kisha akafumba macho akangoja kuitwa. Mimi na yeye tumechoka kwa namna moja, hatuna haja ya kuelezana.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa upande huu wetu mnaujua msimu ninaousema. Sitautaja, wala sitasema nani alimfanyia nani nini, maana kila nyumba ina maelezo yake na hayajawahi kulingana. Nitasema tu yaliyotupata sisi wanne, na kanisa moja la Ufaransa ambalo sijawahi kulikanyaga, lakini ambalo kwa majuma kadhaa ya utoto wangu nililijua kuliko nyumba yetu.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi nje kidogo ya Kitale. Babu ndiye aliyehama kutoka sehemu za kati akanunua shamba pale, kwa hiyo Baba alizaliwa papo hapo na hakujua kwingine. Mama ni Mbukusu wa Bungoma. Walikutana sokoni Matisi, Mama akiuza maharagwe, Baba akijifanya hajui bei. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili tu. Nilidhani ni kwa sababu kila mmoja alikuwa mvivu wa kujifunza lugha ya mwenzake. Nilikuwa mtu mzima Mama aliponiambia kwamba walikubaliana hivyo kabla sijazaliwa, ili watoto wasiwe na upande.

Mimi ni Nyambura. Wakati huo nilikuwa nimepokea komunyo ya kwanza, na mdogo wangu Njoroge alikuwa bado hajaanza shule. Asubuhi tuliyoondoka, Baba alisimama uani akitazama moshi uliokuwa umepanda nyuma ya kilima, akarudi ndani akatuambia tuvae sweta juu ya sweta. Mimi nikafurahi, nikidhani tunaenda kutembea mahali pa baridi. Mama alifunga blanketi na sufuria kwenye shuka, akaacha ugali wa jana mezani umefunikwa sahani, kama mtu anayetarajia kurudi kabla ya saa sita.

Tulikwenda kwa miguu hadi kanisa lililokuwa kando ya mji, upande wa Kibomet. Tulikuta watu wamejaa. Wengine walikuwa majirani zetu, wengine walikuwa wametoka mbali, wamebeba magodoro na kuku. Lilikuwa kanisa la matofali na mabati, la kawaida kabisa, na kwa ajili ya Krismasi lilikuwa limepakwa chokaa ndani na nje. Ile chokaa ilikuwa bado haijakomaa. Ukiegemea, ilikuachia unga mgongoni. Watu wote waliolala mle walikuwa weupe migongoni, hata ungemwona mtu kwa mbali sokoni ungejua analala wapi. Harufu yake ilichanganyika na moshi wa kuni, na nepi, na jasho la watu waliokuwa wanaogopa. Hiyo ndiyo harufu iliyonikuta kliniki.

Mle kanisani tulipangwa kwa mabenchi. Nafasi yetu ilikuwa kati ya benchi mbili upande wa kushoto, chini ya picha ya Yesu akianguka mara ya pili. Mchana wanaume walisimama nje wakisikiliza redio ndogo. Wanawake walipika kwa zamu. Sisi watoto tulikuwa tunapiga kelele mpaka Sista Odile akatokea.

Sista Odile alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani mizito na ndala za plastiki, na hakupenda kelele hata kidogo. Alikuwa Mfaransa. Kabla ya kuja kwetu alikaa Tanzania miaka mingi, na huko ndiko alikojifunzia Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, nasi tulikicheka. Hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Nadhani aliamua kutufundisha kitu ili tunyamaze, basi. Alitupeleka nyuma ya kanisa, penye kivuli, akaokota kipande cha makaa jikoni, akaanza kuchora kwenye ule ukuta mweupe.

Katekista alikuja mbio. "Sista! Hiyo ukuta si tumepaka tu juzi?"

"Tutapaka tena," Sista akasema bila kugeuka.

Alichora mstari mmoja mrefu, kutoka pembe ya ukuta hadi dirishani. "Hii ni bahari," akatuambia.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bahari. Mtoto mmoja akauliza, "Ni kama dam?"

"Ni kama dam isiyo na ng'ambo."

Kisha akachora kanisa la kwao. Siku ya kwanza sikuliona kama kanisa. Lilikuwa kisanduku kirefu, kirefu sana kuliko nyumba zilizolizunguka, halina madirisha ya maana, juu lina meno meno kama msumeno. Nikasema linafanana na maghala ya mahindi pale mjini, yale makubwa ya saruji unayoyaona kabla hujauona mji. Sista akaacha kuchora.

"Umesema kweli," akasema. "Watu wa baharini wakikitafuta kijiji chetu, wanaona kwanza hilo ghala."

Akatueleza. Kijiji chao kilikuwa mchangani, karibu na maji, mahali tambarare pasipo kilima wala msitu wa kujifichia. Zamani sana, kabla ya bibi ya bibi yake, maharamia walikuwa wanakuja kwa majahazi, wanachukua nafaka, wanachukua mifugo, wanachukua watu wakawauze. Watu wa kijiji hawakuwa na fedha za kujenga ngome na kujenga kanisa. Wakajenga kitu kimoja, kikawa vyote viwili. Walileta mawe kwa maji kutoka mbali, kwa sababu kwao kulikuwa na mchanga na chumvi tu. Waliolianza hawakulimaliza. Walilimaliza wajukuu zao.

Kila siku alituongezea kipande. Ukuta ulikuwa mnene hivi kwamba mtu mzima akilala chini, kichwa kikiwa ndani, miguu haitokezi nje. Madirisha yalikuwa membamba kama tundu la sanduku la sadaka, ili mshale utoke lakini usiingie. Mlango mkubwa ulikuwa mmoja. Ndani hakukuwa na nguzo, ni ukumbi mmoja mrefu wenye giza, watu na mbuzi na mitumbwi yao wakiingia pamoja. Juu, paa lake lilikuwa la mabamba ya mawe, na watu walitembea juu yake. Usiku na mchana palikuwa na mlinzi aliyezunguka pale akitazama baharini, na kando ya paa palikuwa na matundu ya kudondoshea mawe juu ya kichwa cha adui aliyefika mlangoni. Kengele hazikuwa ndani ya mnara. Zilining'inia wazi kwenye ukuta uliotobolewa, moja juu ya nyingine, ili sauti isizuiwe na kitu.

Kilichonishangaza zaidi ni dari. Sista alisema dari ya ndani ilikuwa ya mawe matupu, bila mbao, bila chuma.

"Sasa si itaanguka?" nikauliza.

"Haianguki kwa sababu kila jiwe linataka kuanguka," akasema. Akachukua vitabu vya nyimbo, akavisimamisha viegemeane kama upinde kati ya mikono yake. "Kila moja linamsukuma jirani yake. Wote wakisukumana sawasawa, hakuna anayekwenda popote."

Akaondoa mkono mmoja, vitabu vikamwagika miguuni pake. Watoto wakacheka. Mimi niliingia kanisani nikatazama mabati yetu na misumari yake, nikaona hatuna hata jiwe moja juu yetu linalomsukuma mwenzake.

Halafu siku moja akatueleza kisima. Katikati ya sakafu ya kanisa lile, kati ya mabenchi na altare, palikuwa na kisima. Maji yake yalikuwa baridi na hayakuwa na chumvi, ingawa bahari ilikuwa hapo karibu. Waliojenga walikitafuta kwanza, ndipo wakajenga kuta kukizunguka. "Adui akikaa nje hata mwezi mzima," Sista akasema, "ndani watu wanakunywa, wanabatiza watoto, wanapika. Anachoka yeye kwanza."

Siku hizo sisi tulikuwa tunakaribia kukosa maji. Mfereji wa parokia ulikuwa umekauka kwa sababu pampu haikuwa na umeme. Mto ulikuwepo, lakini wanaume wawili walioteremka kuchota walirudi bila mitungi, mmoja akiwa na jeraha kichwani, na baada ya hapo hakuna aliyeteremka tena. Ilikuwa kiangazi. Kila familia ilipewa kikombe asubuhi na kingine jioni. Njoroge alikuwa anaharisha. Mama alimpa fungu lake, akasema yeye hana kiu, nami nikamwamini.

Jumapili ikaja, tukasali Nasadiki kama kawaida. Nilikuwa naikariri bila kuisikia, mpaka tulipofika mahali pale: Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume. Nikanyamaza katikati ya watu wanaosali. Kanisa moja! Nilikuwa nimeyasema maneno hayo tangu nijifunze kusema, na sikuwahi kuelewa. Kanisa ni moja. Kumbe basi yote yamejengwa kwa namna moja. Kama la Sista lina kisima kati ya mabenchi na altare, na letu lazima liwe nacho, ila watu wamekisahau na kukifunika.

Mchana huo, watu walipokuwa nje, nilimchukua Njoroge tukaanza kugonga sakafu. Mimi niligonga kwa kisigino cha kiatu, yeye aliweka sikio chini. Tuligonga kutoka mlangoni kwenda mbele. Saruji ilikuwa inalia ta, ta, ta. Tulipofika hatua chache kabla ya altare, upande wa kulia, ikalia du.

"Hapa iko shimo," Njoroge akasema, sikio lake likiwa bado sakafuni.

Nikagonga tena. Du. Nikakimbia kumwita Mama.

Mama alikuwa amekaa amejiegemeza ukutani, mdomo umempasuka. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Nyambura, kaa chini." Lakini mwanamke mmoja wa benchi la nyuma yetu alikuwa amesikia. Akaenda akagonga mwenyewe. Akamwita mume wake. Kabla sijaelewa kilichotokea, kulikuwa na watu wengi wamepiga magoti kuzunguka pale mahali, wakigonga kwa ngumi, kwa mawe, kwa vijiko.

"Ni kweli bana, sikia hiyo sauti."

"Hii kanisa ilijengwa na wazungu wa zamani. Wale hawakuwa wanajenga bila kisima."

"Na kwa nini wafunike?"

"Si walileta mfereji."

Mtu akaleta sururu. Katekista alisimama mbele yao amenyoosha mikono, akisema ni mahali patakatifu, wamngoje Padri, na Padri alikuwa amekwama mjini hata haijulikani atarudi lini. Baba yangu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu tuingie mle, alimshika katekista mabegani, akamsogeza kando polepole kama unavyosogeza kiti, akachukua ile sururu.

Saruji ilivunjika kwa pigo la tatu. Chini yake palikuwa na nafasi, kweli, kama kimo cha kiganja, mahali ambapo udongo ulikuwa umeshuka. Chini ya nafasi hiyo palikuwa na udongo mwekundu, mkavu.

Watu wakasema, chimba kidogo. Akachimba. Wakasema, kidogo tena. Wanaume wakapokezana. Udongo ulirundikwa juu ya zulia la altare. Hapo ndipo Sista Odile alipoingia kutoka kwenye chumba cha wagonjwa, akakuta shimo lililofika mapajani na watu wamesimama na sufuria zao mkononi.

"Nani amewaambia hapa pana maji?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Ni wewe, Sista."

"Mimi?"

"Ulisema kuna kisima kati ya mabenchi na altare."

"Kanisa la kwetu! Si hili. La kwetu!"

"Lakini si kanisa ni moja?"

Nilitegemea watacheka. Nimesimulia kisa hiki mara chache kwa watu, na huwa wanacheka hapo. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Sista alivua miwani, akaishika mkononi, akakaa kwenye ngazi ya altare akiwa na vumbi kila mahali. Alionekana mzee kupita kiasi. Watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, wakirudi kwenye nafasi zao.

Baba hakutoka shimoni. Aliendelea kuchimba. Mama alienda akasimama ukingoni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Nyambura, toka. Hakuna maji hapa."

"Najua," Baba akasema.

"Sasa unachimba nini?"

"Niache tu nichimbe."

Akachimba mpaka jua likazama, mpaka shimo likamfika kifuani. Mtu aliyezoea kulima, ukimweka mahali majuma mawili hana jembe, sijui mikono yake humwambia nini. Sista hakumkataza. Alikaa pale pale ngazini akimtazama, na mara moja moja aliinuka akasogeza rundo la udongo lisirudi shimoni.

Kesho yake lori la maji lilikuja likisindikizwa na askari. Tukanywa mpaka matumbo yakauma. Njoroge akaacha kuharisha. Baba aliingia shimoni akaanza kulifukia, akipanga udongo na kuukanyaga tabaka kwa tabaka, ili sakafu isije ikalia du tena.

Ni siku hiyo ya kufukia ndipo Khocha alipofika. Khocha ndilo jina letu la mjomba huko kwa Mama. Alikuwa anafanya biashara ya nafaka Bungoma, na alikuwa amepita vizuizi vyote vya barabarani kwa pikapu lake, kwa sababu alikuwa na jina zuri kwa barabara ile. Alimkumbatia Mama, akatuinua sisi mmoja mmoja. Kwa Baba alinyoosha mkono, wakasalimiana, wakatoka nje kuzungumza karibu na ukuta wenye michoro ya Sista. Mimi nilijificha pembeni.

"Dada yangu na watoto naweza kupitisha," Khocha akasema. "Wewe shemeji, siwezi. Watakuangalia tu uso. Watatumaliza wote."

Baba alikuwa anatazama lile kanisa la makaa ukutani. "Wapeleke," akasema.

"Si kama sitaki."

"Najua. Wapeleke."

Nilikwenda kumtafuta Sista. Alikuwa anakunja mashuka. Nikamuuliza, "Kwa kanisa yenu, wakati ule wa maharamia, kuna mtu aliambiwa yeye asiingie?"

Aliendelea kukunja. Kisha akasema, "Sijui. Nafikiri alikuwepo. Lazima alikuwepo. Lakini waliotuachia habari ni wale waliokuwa ndani."

Alinipa upande mmoja wa shuka, tukalikunja pamoja, tukaweka juu ya mengine. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipozungumza naye. Baadaye aliitwa kwao, akafia huko.

Tulipokuwa tunaondoka, Baba alikuwa amepiga magoti akilainisha saruji mpya juu ya lile shimo. Mikono yake ilikuwa imejaa saruji, kwa hiyo hakutushika. Alinipa kiwiko nikakishika, akampa Njoroge kiwiko kingine. "Endeni na mama yenu," akasema. "Nitakuja nikimaliza hii."

Nilitazama ile saruji. Ilikuwa sehemu ndogo tu, kama meza. Nikahesabu moyoni kwamba kesho itakuwa imekauka.

Khocha alimweka Mama mbele, sisi akatuweka nyuma kati ya magunia matupu, chini ya turubai. Kabla ya kuwasha gari aliinama akatuambia, "Wewe ni Nekesa. Huyu ni Wafula, jina la babu yenu. Mtu akiuliza, ni hivyo tu. Mmesikia?" Nikasema ndiyo. Njoroge alikuwa ananyonya kidole.

Kizuizi cha kwanza walitupungia tupite. Cha pili, baada ya Kiminini, kilikuwa cha magogo na mawe, na vijana wengi. Nikasikia Khocha akiwasalimia kwa Kibukusu, na Mama pia. Kisha turubai likafunuliwa, jua likatuingia machoni. Kijana mmoja alikuwa anatafuna muwa.

"Niaje. Nyinyi ni watoto ya nani?"

"Ya huyo mama," nikasema.

"Jina?"

"Nekesa."

"Na huyu?"

Nikafungua mdomo nimjibie. Kijana akainua muwa wake. "Wacha aseme mwenyewe."

Njoroge akatoa kidole mdomoni. Namkumbuka vizuri, uso wake mweupe kwa chokaa upande mmoja. "Wafula," akasema.

"Wafula wa nani?"

Hilo Khocha hakutufundisha. Nikaona mikono ya Mama imeshika dirisha la nyuma la pikapu, vidole vimekauka. Mdogo wangu alimtazama yule kijana, akafikiri.

"Wafula wa Mama," akasema.

Vijana wakacheka wote. Yule mwenye muwa akavunja kipande akampa. Magogo yakaburutwa kando, tukapita.

Kesho yake nilikaa kwenye lango la bibi yetu, nje ya mji wa Bungoma, tangu asubuhi, nikijua saruji imekauka. Bibi alinitoa pale mara mbili kwa chakula. Kesho kutwa nikakaa tena. Sikumbuki siku niliyoacha kukaa.

Miaka ya karibuni nimeanza kulitafuta kanisa la Sista kwenye simu, usingizi ukigoma. Nililipata. Lipo kama alivyolichora, na meno yake, na kengele zake wazi. Kisima bado kipo katikati ya sakafu, kimefunikwa kwa chuma. Nimesoma pia sehemu ambayo hakutueleza. Maharamia walipoacha kuja, kuta zile zilikaa kwa karne nyingi bila kuguswa. Waliokuja kuzibomoa walitoka kijijini humo humo, wakati nchi yao ilipogeukana yenyewe kwa yenyewe. Waliyatoa mawe ya paa, wakayatumia kujengea. Watu hao hao, au watoto wao, ndio walioyarudisha baadaye. Tena bahari, ambayo zamani ilikuwa mbali kiasi, imesogea, sasa wanaizuia kwa miamba. Sijui kama Sista alilijua hilo la majirani. Nadhani alilijua. Nadhani aliona tulikuwa na la kwetu.

Baba alikuja Bungoma mahindi yalipokuwa yamefika magotini. Nilimwona kutoka mbali barabarani, amekonda, amebeba gunia la maharagwe begani na kuku mkononi, kama mtu anayekwenda kuposa. Alikuwa amerudi shambani. Nyumba haikuwepo. Alikuwa amejenga chumba kimoja cha mabati, amepanda. Hayo alimweleza Khocha sebuleni, amekaa ukingoni mwa kiti, kofia ameishika magotini, akijibu alichoulizwa tu. Khocha naye akamsimulia vile vizuizi na majina aliyotupa. Mama alimletea maji ya kunawa, akamshikia taulo, na hakujua kama akae kando yake au arudi jikoni. Akarudi jikoni.

Baadaye wakatoka uani kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Mdogo wangu alikuwa anaendesha gari lake la waya kuzunguka ghala la Bibi. Alipofika nyumbani hapo aliandikishwa chekechea, na kule walimwandikisha kwa jina alilotaja mwenyewe. Bibi alilipenda kwa sababu lilikuwa la mume wake. Mama hakulisema lakini hakulikataza. Mimi nilikuwa nimerudi kuwa Nyambura bila hata kufikiri, na niliona na yeye atarudi akitaka.

"Njoroge," Baba akaita.

Gari la waya likaendelea kuzunguka.

"Njoroge!"

Mtoto alipita mbele yake kabisa, akiunguruma kama pikapu, akakata kona, akatokomea nyuma ya ghala. Mama alikuwa ametokea mlangoni na sinia ya chai, akasimama hapo hapo. Khocha alitazama viatu vyake. Mimi niliinuka nikamvute mdogo wangu kwa sikio, lakini Baba akaninyooshea kiganja, nikakaa.

Gari likatokeza tena upande wa pili. Baba aliinama mbele, viwiko magotini. Alijaribu midomo kwanza bila sauti. Watu wa kwao wengi hawana herufi ile ya L, na yeye hakuwahi kuipata.

"Wafura," akasema.

Mdogo wangu akageuka, akamwona, akaangusha gari lake, akamjia mbio.